"Inshaallah" Yetu Ikifika Homa Bay

Ahadi ni deni. Methali hii twawafunza watoto chuoni na nyumbani, na hapana Mpwani asiyeijua. Lakini ni nadra mtu kukaa akajiuliza: ni neno lipi hasa linalohesabiwa kuwa ahadi? Hapo ndipo watu wanapohitilafiana, na hitilafu hiyo humngoja msafiri mahali asipoitazamia.

Mchuuzi mmoja wa soko la Kongowea aliikuta kwenye ufuko wa Homa Bay. Alikwenda huko kununua omena, wale dagaa wa ziwani wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Mama muuzaji akamtajia bei ya magunia kumi. Jamaa yetu akaiona kubwa. Lakini kwa kuwa amelelewa kwa adabu, hakutaka kumvunja moyo mama wa watu. Akatabasamu, akawasifu omena kuwa ni wasafi, kisha akasema, "Inshaallah mama, nitapita kesho." Akashika njia kutafuta kwingine.

Kwetu Mombasa muuzaji angeelewa papo hapo kuwa biashara imekwisha. Yule mama hakuelewa hivyo. Aliyaweka magunia kumi kando, akamrudisha mnunuzi mwingine, akangoja. Siku ya pili jioni wakakutana kwenye stendi ya magari. Mama akamwambia mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwamba yeye ni mwongo. "Kama hutaki, sema hutaki!"

Jamaa akarudi Mombasa akiapa kwamba watu wa ziwani hawana adabu. Mama naye, yamkini, mpaka leo awaambia wenzake kwamba watu wa Pwani hawana ukweli.

Ndugu msomaji, ni nani kati ya wawili hawa aliyekosa?

ADABU MBILI

Zamani Mpwani aliyefika wilaya ya South Nyanza alikuwa karani wa serikali, askari, au mwenye duka. Baada ya Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013, eneo hilo limekuwa kaunti mbili, Homa Bay na Migori, na sababu za kufika huko zimezidi. Kuna biashara ya samaki, kuna kazi za kaunti, kuna ujenzi, na kuna njia kuu inayotoka Kisii, ikapita Rongo, Awendo na Migori mpaka Isebania kwenye mpaka wa Tanzania. Mwaka 2018 tume ya walimu, TSC, ilipoanza kuwahamisha walimu wakuu nje ya maeneo ya kwao, wengi walitambua kuwa mtu aweza kuamkia kaunti ambayo hajawahi kuiota. Mpango ule ulilegezwa baadaye, lakini fundisho limebaki. Nao Wajaluo wako kwetu miaka mingi, bandarini, Likoni, Changamwe na Kisauni. Kwa hiyo jambo hili si la wasafiri peke yao. Ni la majirani.

Wala si jambo la kuchekea tu. Mwezi wa Agosti 1997, watu wa bara waliokuwa wakiishi Likoni na sehemu za Kwale walishambuliwa. Watu waliuawa, vibanda vikachomwa, na maelfu wakakimbia. Mapema 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ikawa zamu ya sehemu nyingine za nchi, Nyanza ikiwemo, watu kufukuzwa walikokuwa wamejenga. Siasa ndizo zilizowasha moto ule. Lakini kuni zilikuwa zimekusanywa siku nyingi, kijiti kimoja kimoja: huyu mkali wa maneno, yule mnafiki, huyu hana haya, yule mvivu mwenye maringo. Kijiti kimoja kama hicho ndicho alichorudi nacho yule mchuuzi wetu kutoka Homa Bay.

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na adabu. Yeye alimstahi mama kwa kumfichia neno chungu. Mama alimheshimu mteja kwa kuliamini neno lake kama lilivyotoka. Adabu ya Pwani, aghalabu, ni kusitiri. Adabu ya ziwani, aghalabu, ni kutoa jambo nje likaonekana. Nasema aghalabu, maana mtu si kabila lake; mabwege na waungwana wako kila mahali. Hata hivyo yafaa tutazame mambo machache ambayo msafiri hukumbana nayo siku ya kwanza tu.

SALAMU NA MKONO

Kwetu salamu ni njia ndefu. Hujambo, sijambo, nyumbani hawajambo, watoto, wazee, jirani, alhamdulillahi. Mtu aweza kuwa na homa kali na bado akajibu kuwa ni mzima, kwani ugonjwa wake ni siri ya nyumba yake. Kutaja shida ndani ya salamu ni kama kumtwika mgeni mzigo kabla hajaketi.

Ziwani asubuhi utasikia "Oyawore", jioni "Oimore", na wakati wowote "Misawa" ama "Amosi", yaani nakusalimu. Kisha hufuata "Idhi nade?", waendeleaje? Hapo mtu aweza kujibu kwamba aendelea vizuri, na aweza vilevile kukueleza kwamba mguu wamuuma tangu Jumatatu na karo ya mtoto haijalipwa. Mpwani akisikia hivyo huingiwa na wasiwasi, akadhani anaombwa pesa. Mara nyingi haombwi kitu. Ameulizwa, na yeye akauliza, na jibu limetolewa. Kinachotakiwa kwake ni kusikiliza na kutia pole.

Kuna na mkono. Anayeingia nyumbani au barazani huko huwapa mkono wote waliopo, mmoja baada ya mmoja, wake kwa waume, na hata mtoto mdogo hupewa wake. Kumruka mtu mmoja ni kumwambia kwamba hukumwona, ama una kinyongo naye. Sasa mfikirie dada yetu wa Kiislamu, mwalimu mgeni, ameingia ofisini siku ya kwanza, na mzee wa heshima amemnyoshea mkono. Akiurudisha mkono wake kimya kimya na kuinamisha macho, kama tulivyozoea, kwa upande wake amefanya la dini. Lakini chumba kizima kimeona mzee akidhalilishwa.

Dawa yake ni neno. Aweke mkono kifuani, ainamishe kichwa kidogo, na aseme wazi kwa uso mkunjufu: "Mzee, kwa dini yangu sipeani mkono na mwanamume, lakini nakusalimu kwa moyo." Wengi wetu twaona haya kulitamka jambo hili, kana kwamba kulieleza ni kulitia aibu. Kumbe huko maelezo ndiyo heshima yenyewe. Na wataelewa upesi kuliko tunavyodhani, kwani mila ya Kijaluo nayo ina mkono usiotolewa: tangu zamani mkwe mume na mama mkwe wake huwekeana umbali mkubwa, na umbali huo ni wa staha. Mzee wa Karachuonyo hahitaji kufunzwa kwamba kutogusana kwaweza kuwa heshima. Ahitaji tu kuambiwa kwamba hiyo ndiyo sababu.

WEWE NI WA WAPI?

Jambo la pili ni maswali. Hujaketi vyema umeshaulizwa: kwenu ni wapi? Baba yako ni nani? Umeoa? Watoto wangapi? Kwetu maswali hayo huulizwa kwa kuzunguka, na mengine huulizwa mtu wa tatu. Mpwani hujiona yuko mbele ya hakimu.

Lakini tuangalie jinsi Wajaluo wanavyoitana. Mtu ni "wuod", mwana wa, au "nyar", binti wa, na linalofuata laweza kuwa jina la mzazi au la mahali. Mke aliyeolewa mbali bado huitwa kwa kwao: nyar Kanyada, nyar Gwassi, nyar Kadem. Wengine huitwa kwa mtoto, kama kwetu tusemavyo Mama Asha au Baba Ali. Hapo ni "min" au "wuon" Otieno. Mzee ni "jaduong'", mwalimu ni "japuonj". Hata jina la kuzaliwa lina habari ndani yake. Otieno na Atieno walizaliwa usiku, Ochieng' na Achieng' jua likiwaka, Okoth na Akoth mvua ikinyesha, na Opiyo na Odongo ni pacha.

Kwa hiyo mtu asiyetaja kwao hana pa kushikwa. Hawajui wamwite nani. Swali la "wewe ni wa wapi" ni kiti anachopewa mgeni akae. Dada aliyejibu kwa furaha kwamba anatoka Mombasa huenda akatoka hapo akiitwa nyar Mombasa, na akijaliwa kukaa miaka, jina hilo litamfaa kuliko kitambulisho.

Hadhari moja. Usimwite kila umkutaye huko Mjaluo. Katika kaunti ya Migori, upande wa Kehancha na Isebania, wenyeji ni Wakuria, ndugu wa wale wa Tarime ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili cha Tanzania chasikika sana kwao. Visiwani Rusinga na Mfangano, na upande wa Gwassi, kuna Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wengi wao sasa wazungumza Kijaluo. Lugha yao wenyewe ina undugu na Kiswahili, nayo imo hatarini kupotea. Mjini Migori utakuta Wasomali wenye maduka, na Wakisii hawako mbali. Mpwani ambaye huchukia kuitwa Mwarabu na mtu asiyejua asili yake, asimfanyie mwenziwe yaleyale.

"NIPE MAJI"

Hakuna kitu kinachomkera Mswahili kama kuambiwa "Nipe maji" au "Leta pesa" bila tafadhali, bila naomba, bila hata bwana. Husema huyu ananiamrisha kama mtumwa wake.

Lakini aliyesema hivyo ametafsiri tu. Kwa Kijaluo mtu mwenye kiu husema "Miya pi", nipe maji, na ulaini wa ombi uko katika sauti, si katika neno la ziada. Neno "asayi", nakusihi, lipo, lakini hilo lina uzito wa mtu anayeomba kwa dhati, na kikombe cha maji hakihitaji kusihiwa. Lugha yenyewe haina ngeli kama zetu, wala haina ile sauti ya "sh". Shilingi yetu huko ni "siling", na shati ni "sati". Basi mtu anapokosea ngeli anapozungumza Kiswahili, ajue msikilizaji kwamba yule anatembea katika nyumba ya mwenziwe gizani. Kicheko chetu hapo huuma kuliko tusi. Wengi waliochekwa Mombasa walihamia kwenye Kiingereza, na sisi tukasema wanaringa.

Tukija kwenye kukataa, tofauti hugeuka na kosa likawa letu. Ziwani mtu asiyetaka husema "Ooyo", hapana, na mazungumzo yakaendelea bila kinyongo. Muuzaji akiambiwa bei ni kubwa, hushusha au hashushi, na mkaagana. Sisi tuna njia kumi za kukataa bila kulitaja neno lenyewe: nitaangalia, tutaonana, Mungu akipenda, ngoja nimuulize mwenzangu. Na juu ya zote tunayo inshaallah.

Hapa nataka tusemezane kwa uwazi, maana ni jambo la dini yetu kabla halijawa la Homa Bay. Katika sura ya Al-Kahf Mwislamu anafunzwa asiseme kwamba atafanya jambo kesho bila kuliambatanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Makusudio ni kwamba mtu amenuia kwa kweli, atajitahidi, na kilichobaki amemwachia Mola wake. Neno hili ni la mwenye nia. Sisi kwa mazoea tumelifanya pazia la asiye na nia. Tumelitumia kwa fundi tusiyetaka kumrudia, kwa mwenye deni, kwa jirani aliyetualika tusikotaka kwenda. Miongoni mwetu hakuna anayedanganyika, kwa hiyo hatuoni dhambi. Lakini jirani asiyejua mazoea yetu hulichukua neno kwa thamani yake halisi, na akiona halikutimizwa mara tatu, mara nne, hujifunza kwamba Waislamu wakimtaja Mungu hawakusudii kufanya. Je, ni nani aliyemfunza hivyo? Yule mama wa Homa Bay hakuivunjia heshima dini yetu. Yeye ndiye aliyeichukulia inshaallah kwa uzito.

KUJISIFU NA KUSIFIWA

Msafiri akialikwa kwenye ngoma ya ohangla au dansi ya benga, ataona ajabu nyingine. Katikati ya wimbo mtu husimama, akatoa pesa, muziki ukapunguzwa, naye akashika kipaza sauti na kujitangaza: yeye ni mwana wa nani, anatoka wapi, ana sifa gani, na marafiki zake ni watu wa namna gani. Desturi hii huitwa "pakruok", nayo ilikuwapo tangu enzi za nyatiti. Watu hucheka, hushangilia, na mwingine huinuka kumpiku.

Mpwani hufunika uso. Kwetu mtu kujisifu mwenyewe ni utovu wa haya. Lakini tusijisahau. Katika taarabu zetu si mwanamke hutoka kitini, akaenda taratibu kumtuza mwimbaji pale hasa ubeti unapofika mahali pa kumchoma jirani yake? Hasemi neno. Noti yake ndiyo inayosema, na aliyekusudiwa anajua, na ukumbi mzima unajua. Akirudi nyumbani atavaa kanga yenye jina la kummalizia. Huyu alipa kusudi maneno ya mtu mwingine yamsemee. Yule wa ziwani alipa kusudi aseme mwenyewe. Huyu husema kwa fumbo lililo chungu, yule kwa uwazi ulio mtamu. Mgeni wa kutoka Rongo akiiona tuzo yetu, aweza kusema kwamba ni heri mtu ajisifu mwenyewe kuliko kumsimanga mwenziwe kwa mgongo wa mwimbaji. Nasi tutamjibu nini?

Wala isidhaniwe kwamba watu wa ziwani hawajui mafumbo. Wanazo "ngero", methali na mifano yao, na wazee huzitumia. Marehemu D. O. Misiani, mwanamuziki wa benga aliyezaliwa upande wa Shirati, Tanzania, na kufariki 2006, alijulikana kwa nyimbo ambazo wanyama na visa vya kale vilibeba habari za siasa, na wakubwa wa serikali walizielewa vyema wakamsumbua. Fumbo huko lina mahali pake. Bei ya omena si mahali pake.

CHAKULA NA MSIBA

Kwetu anayekula humkaribisha apitaye, na apitaye hujibu starehe, akaenda zake. Wote wawili wamefanya la haki. Ziwani "Bi wachiem", njoo tule, ni mwaliko hasa, na mgeni anayekataa bila sababu huacha swali nyuma yake: ametuona wachafu, ama anatuogopa? Mwislamu ana sababu ya haki ya kuuliza kuhusu kuchinja, lakini wengi, kwa haya, hudanganya kwamba wameshiba. Afadhali kusema mapema, kabla kuku hajakamatwa. Na kwa bahati njema, mkaribishaji yuko kando ya ziwa: ngege na mbuta hawahitaji kisu cha mtu yeyote. Mwezi wa Ramadhani vilevile, aliyefunga na aseme amefunga. Hiyo si riya. Ni kumwondolea mwenyeji dhana mbaya.

Katika msiba tofauti ni kubwa zaidi. Sisi humzika maiti wetu upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, na tunaitakidi kwamba kunyamaza na kusubiri ndiko kunakompasa Mwislamu. Huko maombolezo huchukua siku nyingi, kilio hupazwa tangu mtu akiwa mbali na boma, na sifa za marehemu husimuliwa kirefu. Mchango hutajwa kwa jina na kiasi, ukaandikwa kitabuni, ilhali sisi tumefunzwa sadaka ya siri. Anayeingia kimya, akatoa kwa kificho na kuondoka mapema aweza kudhaniwa kuwa hakuguswa na kifo kile, na pengine kushukiwa. Hatuambiwi tulie tusivyolia. Twaweza kukaa, kuwapa pole wafiwa kwa maneno ya wazi, kusimama tukiitwa, na kueleza tulivyomjua marehemu. Hakuna katika hayo linalomtoa mtu katika dini yake.

WALIOKWISHA KUYAWEZA

Kama kuna anayesema kwamba mambo haya hayachukuani, na afike Kendu Bay, katika kaunti hiyohiyo ya Homa Bay. Mji huo mdogo wa ziwani, ambao zamani ulikuwa kituo cha meli za reli, una msikiti wa siku nyingi na Waislamu ambao ni Wajaluo wa damu na lugha. Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017, asili yake ni upande huo, naye alikuwa Mwislamu. Inasimuliwa kwamba alisilimu alipokuwa akiishi Unguja. Jina lake lenyewe, Hussein kisha Onyango, ni mkeka uliofumwa kwa miaa ya pande mbili.

Watu wa namna hiyo wametuonyesha kwamba mtu aweza kusema "Asalaam aleikum" mlangoni na "Misawa" barabarani, na pale asipotaka kitu akasema "Ooyo" bila kumtaja Mungu bure.

Basi turudi kwa mchuuzi wetu wa Kongowea. Biashara yake ya omena haijafa, na njia ya Homa Bay bado iko wazi. Akienda tena na amtafute yule mama, ampe pole kwa siku ile magunia yalipomngoja, na bei ikimshinda aseme: "Mama, siiwezi, usiniwekee." Neno hilo litamkera kidogo siku ya kwanza, kwa kuwa hakulizoea. Na siku atakayosema "Inshaallah nitakuja Jumanne", awe amekwisha kukata tikiti ya basi.